Boma Linalosubiri Mvua: Nyumba ya Awamu Ilivyojengwa Makambako

Ramani ya nyumba hii ilikuja na karatasi tano: sakafu, sura ya pande nne, mkato, msingi na paa. Mchoraji alifanya kazi safi. Iliyokosekana ni karatasi ya sita, ile ya kuonyesha pesa itaingia lini, na kwa mjenzi wa mji mdogo hiyo ndiyo ya kusoma kwanza. Mwenye nyumba ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu, mwenye shamba la mahindi nje ya mji na kipande cha miti ya paina aliyoachiwa na baba yake. Nilimwuliza, "Mwalimu, ukiacha mshahara, pesa nyingine inatoka wapi, na inatoka mwezi gani?" Alicheka, akidhani natafuta namna ya kumpandishia bei. Nilichotaka kujua ni ukuta wake utanyeshewa mara ngapi kabla haujafunikwa.

Makambako ipo pale barabara kuu ya kwenda Tunduma inapokutana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mvua huanza Novemba, ikichelewa Desemba, na haikati mpaka Aprili au Mei. Baada ya hapo ni baridi na upepo wa kusini-mashariki, upepo ambao wataalamu wa umeme wamekuja kuupima wakifikiria kuusimikia mitambo. Hesabu ya mjenzi inatoka humo: kuna kama miezi sita ya kazi ya nje, na pesa ya mahindi huingia katikati yake. Paina huuzwa siku mnunuzi akitokea.

Mkopo wa nyumba? Sheria yake ilipitishwa 2008 na benki zinazoutoa zipo, ila zinataka hati, na Mwalimu ana karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Anachoweza kupata ni mkopo wa mshahara, na huo aliuweka akiba kwa ajili ya paa. Basi nyumba ingejengwa kwa awamu, kama karibu zote unazoziona ukishuka kwenye basi: msingi umeota majani, boma halina paa, paa lipo lakini madirisha hayapo. Wageni huziita mapagale na kuzicheka. Mimi naziona kama daftari la mapato ya familia lililoandikwa kwa tofali.

Kosa linaloua nyumba hizi ni kuzijenga kama nyumba za kawaida zilizocheleweshwa. Ujenzi wa awamu ni ujenzi wa aina yake, na kanuni yake kubwa ni kuchagua pa kusimama. Kila hatua iachwe katika hali ya kuweza kukaa mvua mbili bila mtu kuigusa. Ramani haisemi hivyo. Ramani inaamini kwamba ukianza Juni utahamia Desemba. Nitaeleza hapa jinsi tulivyoigawa nyumba ya Mwalimu, kwa sababu ilichukua viangazi vinne na mpaka leo ukuta wake mkuu hauna ufa.

Kiangazi cha kwanza kilikuwa cha msingi, na pesa yake ni ya mahindi. Tulichimba mpaka udongo mgumu, tukamwaga zege jembamba chini, tukapandisha msingi wa mawe mpaka sentimita 45 juu ya ardhi. Pesa iliyobaki ingetosha kumwaga jamvi, na Mwalimu alilitaka sana, kwa sababu jamvi huonekana: ukisimama juu yake unaweza kuwaonyesha wageni hapa sebule, hapa jiko. Nilimwomba alisubirishe. Ndani ya msingi tulijaza moramu kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka likimwagiwa maji na kushindiliwa, lakini hapa kwetu mashine ya kushindilia hukodishwa kwa siku na vijana wakishindilia kwa mikono huchoka ifikapo saa sita. Kifusi kama hicho hushuka chenyewe baadaye, tena polepole, na kikishuka chini ya jamvi jamvi hubaki likining'inia mpaka lipasuke. Mvua ya msimu mmoja hukishusha bure.

Bure hiyo ina masharti yake. Ukiacha msingi wazi bila kufikiri, umejenga bwawa: maji yanajaa ndani, yanalainisha udongo chini ya mawe, na yanasukuma kuta za msingi kutoka ndani. Kwa hiyo moramu ilipandishwa katikati na kuteremkia pembeni, tukaacha matundu madogo kwenye mawe usawa wa ardhi ili maji yatoke, na kwa nje tukarudishia udongo na kuushindilia ukiwa na mteremko wa kwenda mbali na ukuta. Dawa ya mchwa hatukuiweka mwaka huo, kwani mvua ingeiosha yote. Ilimwagwa mwaka uliofuata, asubuhi ya siku ile ile tuliyotandika nailoni na kumwaga zege. Kifusi kilikuwa kimeshuka karibu kiasi cha kiganja upande wa jikoni, tukakijazia.

Swali lililofuata ni Mwalimu afanye nini na pesa iliyobaki kiangazi hicho cha kwanza, na hapo ndipo wateja wengi hunipita wakaenda dukani kununua saruji. Pesa ikikaa kwenye simu inaliwa na misiba, ada na ndugu, kila mtu anajua, kwa hiyo mteja anataka kuigeuza kitu. Lakini saruji ni kitu kibaya cha kuwekea akiba. Inavuta unyevu wa hewa, na kwa ukungu wetu wa Juni mfuko uliokaa stoo miezi mitatu unaweza kupoteza kama sehemu moja ya tano ya nguvu yake, hata kama kwa nje bado ni unga. Ukisikia mabonge yasiyovunjika kwa vidole, mfuko huo ni wa kusakafia njia ya banda la kuku. Mawe, kokoto na tofali haviharibiki. Mbao hufanya vizuri zaidi: hunenepa thamani ikikauka. Basi Mwalimu alinunua tofali.

Tofali zetu ni za kuchoma. Familia hufyatua kando ya vinyungu, bustani za mabondeni, wakati wa kiangazi na kuchoma kwa kuni, na ubora wa tanuri moja unatofautiana kutoka katikati hadi pembeni. Muuzaji hukuonyesha za katikati. Mimi hubisha mbili kwa pamoja: iliyoiva hulia kama chuma, mbichi hutoa sauti nzito ya udongo. Kisha nachukua chache za pembeni, nalaza kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi ikiwa kingo zinamenyeka kwa kucha, tanuri hilo si la boma litakalonyeshewa. Lingefaa kwa nyumba inayopauliwa mwezi huo huo. Unaona jinsi kalenda ya pesa inavyoamua hata tofali ya kununua.

Iliamua na udongo wa kujengea pia. Hapa watu wengi hujengea tope na kupiga saruji kwenye maungio ya nje tu, na sina ugomvi nao. Ukuta wa tope uliokandwa vizuri chini ya paa lenye vibaraza virefu hukaa miaka mingi. Mkubwa mmoja wa familia, shemeji yake Mwalimu, alikuja kazini akaniambia kwa upole, "Fundi, nyumba ya mzee wetu ni ya tope na haijaanguka." Nilimjibu, "Kweli kabisa, baba, lakini ile iliezekwa kabla mvua haijafika. Hii itasimama uchi." Tope huoshwa kuanzia juu, kozi za mwisho zinalegea kwanza, na hizo ndizo zinazobeba paa. Tulijengea saruji na mchanga, mfuko mmoja kwa toroli tatu, kuanzia kozi ya kwanza hadi ya mwisho. Hesabu ya mifuko iliongezeka, shemeji hakufurahi. Mpaka leo ananisalimia kwa kifupi.

Niseme kidogo kuhusu kuitwa fundi. Nimesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, daraja la saba, la chini kabisa kati ya madaraja yote. Bodi hiyo iliundwa kwa sheria ya 1997. Cheti kimetundikwa ofisini, yaani kwenye chumba cha mbele nyumbani. Kwa wateja wangu mimi ni fundi tu, na nimeacha kurekebisha. Tena kazi nyingi za serikali siku hizi hupewa mafundi wa kijiji na kamati zao moja kwa moja. Mwishoni mwa 2021, yalipojengwa yale madarasa elfu 15 ya fedha za UVIKO-19, kila darasa lilipangiwa shilingi milioni 20 na tarehe ya mwisho isiyosogezwa, maana watoto walitakiwa kuingia Januari. Makandarasi wadogo tulinung'unika. Lakini nilijifunza kitu kwa kuangalia: pesa yote ikiwa mezani na tarehe ikijulikana, hata fundi wa kawaida anafika mwisho. Ugumu wa kazi yangu ni kwamba pesa haipo mezani na tarehe haijulikani.

Kiangazi cha pili tulimwaga jamvi, tukapandisha ukuta, tukafunga lenta. Kwenye jamvi nina neno moja tu. Julai yetu ni baridi, na watu hudhani baridi hutunza zege. Upepo mkavu huliondolea maji kuliko jua la Dodoma linavyofanya. Tulilifunika kwa magunia na kulimwagia maji siku saba, na mlinzi wa kumwagia alikuwa mtoto mkubwa wa Mwalimu, aliyelipwa soda. Maji ya kuchanganyia niliyapima mwenyewe: lita 25 kwa mfuko, pungufu ikiwa mchanga umelowa. Vijana wa toroli hupenda zege linalotiririka kwa sababu linajisambaza. Kila ndoo wanayoongeza kinyemela hubaki ndani ya jamvi kama vinyweleo.

Lenta ndiyo sehemu niliyoikalia zaidi. Katika nyumba inayokamilishwa mara moja, lenta juu ya milango na madirisha inatosha kwa wengi. Katika boma lisilo na paa, kuta ndefu hazina kinachozishika vichwa, na upepo wa Agosti unajua hilo. Lenta yetu ilizunguka kuta zote bila kukatika, nondo nne za milimita 12 zikiwa na ringi kila sentimita 20, na kila nondo ilipoungana na nyingine zililaliana sentimita 60. Pembeni tulikunja nondo zikageuka kona. Wengi hukatia nondo hapo hapo kwenye kona, na ndipo ufa wa kwanza hutokea. Chini ya nondo za lenta tulipachika vipande vya nondo ya milimita 8 vilivyochomoza kwenda juu, kimoja kwa kila mahali patakapokaa kenchi. Hivyo ndivyo vitakavyolifunga paa, mwaka ambao hatukuujua.

Kipande cha chuma kikichomoza kwenye mvua mbili kinaliwa na kutu pale hasa kinapotoka kwenye zege, mahali ambapo huwezi kukibadilisha. Wengine hukivisha mfuko wa plastiki, na mfuko huo hutunza unyevu. Tulipaka uji mzito wa saruji, ukakauka, tukapaka tena. Kozi zilizokuja juu ya lenta tulizifunika kwa kofia ya mchanga na saruji yenye mteremko wa pande mbili, sentimita chache tu, ili maji yasitulie juu ya ukuta na kunyonywa ndani. Kofia hiyo ilibomolewa baadaye kwa nyundo, na Mwalimu aliniuliza kwa nini anilipe kujenga kitu cha kubomoa. Ni swali la haki. Gharama yake ilikuwa mifuko miwili.

Kabla zege la lenta halijamwagwa nilipiga picha za nondo kila kona, nikamtumia Mwalimu kwa simu, na nondo zikachorwa kwenye daftari la nyumba. Kila mteja wangu wa awamu ana daftari hilo, na linakaa kwake, si kwangu: kina cha msingi, mchanganyiko uliotumika, bomba la maji machafu limepita wapi chini ya jamvi, tarehe, sahihi yake na yangu. Sababu ni kwamba kati ya awamu na awamu mteja anaweza kubadili fundi, na kazi ya kwanza ya fundi mpya ni kumlaumu wa zamani. Makubaliano yetu pia ni ya awamu moja moja. Sitaji bei ya nyumba nzima, kwa sababu sijui bati litauzwaje miaka miwili ijayo, na mkandarasi anayeitaja ama atapata hasara ama atakuja kupunguza nondo gizani.

Kiangazi cha tatu hakukuwa na kazi. Mahindi yalishuka bei, mtoto akaingia sekondari ya bweni. Boma lilikaa. Huu ndio upande wa kazi yangu ambao hauonekani kwenye vitabu vya ujenzi: nina maboma yanayosubiri kila mtaa, hayaniingizii shilingi, lakini siwezi kuyaacha kabisa. Nikipita na bodaboda nayatazama. La Mwalimu lilikuwa limeota nyasi tu kwenye sebule. Vijana wangu, wakati huo, nusu walikwenda Mafinga kupakia mbao, na mwashi wangu bora alikwenda Dodoma na hajarudi. Mji mkuu unajengwa kwa mafundi wetu.

Kitu kimoja kiliendelea. Mnunuzi wa paina alitokea, na Mwalimu, badala ya kuuza miti yote, alibakiza ya kutosha kupasuliwa kwa ajili ya paa lake. Mbao mbichi ya paina ikipigwa misumari leo, kesho kutwa inajipinda na kuvuta kenchi nzima. Zake zilipangwa chini ya kibanda, vijiti vikiwekwa kati ya tabaka na tabaka hewa ipite, mawe mazito juu, na baadaye zikapelekwa kuchovywa dawa. Alipopata mkopo wa mshahara mwaka wa nne, mbao zilikuwa zimekauka na kunyooka kuliko zozote sokoni. Mwaka wa kusubiri ulikuwa umefanya kazi hiyo.

Kabla ya kupaua tulibishana kuhusu sura. Mtindo wa sasa ni paa la kuficha, kuta zinazopanda juu ya bati nyumba ionekane ya bapa. Mwalimu alikuwa na picha zake kwenye simu. Paa hilo hutegemea mfereji wa ndani, na mfereji wa ndani hutegemea mtu wa kuusafisha majani kila mwaka; ukiziba katika mvua ya miezi mitano, maji yanaingia ukutani bila wewe kuyaona. Alikubali paa la mgongo lenye vibaraza vya sentimita 75. Tukanunua bati la geji 28 badala ya geji 30, namba inayowadanganya wengi, kwani ikiwa kubwa bati ni jembamba. La msauzi lenye rangi lilibaki moyoni mwake tu. Mfuko ulisema la kawaida.

Vile vipande vya milimita 8 tulivisugua, tukavipitisha juu ya wolpleti na kuvikunja kuzunguka kila kenchi. Kuezeka tulianzia kaskazini-magharibi, mwisho wa paa ulio kinyume na upepo, ili kila bati lililofuata lilalie lililotangulia na kingo zipe upepo kisogo. Kazi yenyewe ilikwenda haraka, haina mengi ya kusimulia.

Hatari ilikuwa baada ya paa. Pesa iliishia kwenye bati la mwisho, na nyumba ikabaki na paa bila milango wala madirisha. Nikiangalia mapaa yaliyong'oka mjini kwetu, mengi yalikuwa katika hali hiyo hiyo. Upepo huingia kwa dirisha la upande mmoja, haupati njia ya kutosha kutokea, hivyo husukuma bati kutoka chini, na wakati huo ule unaopita juu unalinyonya. Bati linapigwa pande mbili. Tulichukua tofali zilizobaki, tukaziba madirisha ya upande wa kusini na mashariki bila udongo, moja juu ya nyingine, na upande wa pili tukaacha wazi upepo utoke. Milango tuliifunga kwa mabanzi. Nyumba ilionekana ya ajabu, majirani walidhani imefungwa na mahakama. Agosti na Septemba zilipita na hakuna msumari uliochomoka.

Mwalimu alihamia kabla ya mvua, nyumba ikiwa na milango miwili ya nje, madirisha ya vyumba viwili, choo na shimo lake, na hakuna dari. Nililazimisha shimo litangulie dari, na hapo hakunibishia. Tofali zile za kuzibia zimetumika kujenga karo la kufulia nguo.

Sasa anataka plasta ya mbele, upande wa barabarani, na anaitaka mwaka huu. Nimemwonyesha matope yaliyorushwa na matone ya paa chini ya ukuta wa nyuma, kozi tatu zimeshaanza kuwa nyekundu nyekundu na laini. Tumekubaliana mifereji ya bati na simtanki zitangulie, kisha plasta ya kozi za chini kuzunguka nyumba yote. Mbele kutapigwa Julai, mahindi yakilipa.